Namna ya Kuchukua Sampuli ya Uvimbe wa Figo Ambao Haufanani Kila Mahali

Mwongozo huu unawahusu madaktari, matabibu, wauguzi wa chumba cha upasuaji na wateknolojia wa maabara wa Tabora na Kigoma ambao huchukua kinyama (biopsi) cha uvimbe wa figo, au hupokea figo nzima iliyotolewa, kisha wakaisafirisha hadi Mwanza au Dar es Salaam kwa mpatholojia, daktari anayesoma nyama kwa hadubini, ambaye hajamwona mgonjwa. Unahusu figo ya mtu mzima. Mtoto mdogo mwenye uvimbe wa figo ana njia yake, kwa kuwa kwake ugonjwa unaoongoza ni uvimbe wa Wilms, yaani saratani ya figo ya utotoni, na kumfungua kwa ajili ya kinyama kabla ya kushauriana na kituo kinachotibu saratani za watoto kunaweza kupandisha hatua ya ugonjwa na kumwongezea matibabu ambayo asingeyahitaji. Huyo apewe rufaa kwanza.

Kwa nini mahali pa kuchukulia ni jambo kubwa

Saratani ya figo si ugonjwa mmoja. Karibu robo tatu ya wagonjwa wazima huwa na aina ya seli angavu, papilari hufuata kwa mbali, na kromofobu ni chache zaidi. Hata ndani ya aina ya seli angavu peke yake, uvimbe wa mgonjwa mmoja hubeba koo nyingi za seli ambazo zilitoka kwa babu mmoja lakini zikaachana njiani. Babu huyo kwa kawaida ni seli iliyopoteza kipande cha kromosomu ya 3, palipo na jeni ya VHL, na hasara hiyo huonekana popote utakapouchoma uvimbe. Mabadiliko yanayofuata, kwa mfano ya jeni za PBRM1, SETD2 na BAP1, huweza kuwapo kona hii na yasiwepo kona ile. Mwaka 2012 watafiti wa London, akiwamo Charles Swanton, walipima sehemu mbalimbali za uvimbe mmoja mmoja wa figo na kuonyesha kwamba asilimia 63 hadi 69 ya mabadiliko ya jeni hayakupatikana katika kila sehemu iliyopimwa. Mwaka 2018 utafiti mkubwa zaidi wa wagonjwa 101, wenye sampuli zaidi ya 1,000, ulithibitisha picha hiyo na kuonyesha kwamba ukoo unaosafiri hadi mapafuni au mifupani huweza kuwa tawi moja tu la uvimbe wa mwanzo.

Msomaji anaweza kusema kwamba kupima jeni si kazi yetu ya kila siku, na ni kweli. Lakini kutofautiana huko huonekana pia kwa hadubini ya kawaida. Daraja la ukali la saratani ya figo, kwa utaratibu uliokubaliwa kimataifa mwaka 2012 na kupokewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, hutegemea jinsi nukleoli, kidoa kilichomo ndani ya kiini cha seli, inavyoonekana, kuanzia daraja la 1 ambapo nukleoli haionekani au huonekana kwa shida kwa ukuzaji wa mara 400, hadi daraja la 4 ambapo seli zimeharibika umbo, au zimegeuka kuwa za sarkomatoidi au rabdoidi, maumbo mawili ya seli yanayoashiria ukali mkubwa. Daraja la uvimbe mzima ni lile la eneo lake kali kuliko yote, hata kama eneo hilo ni dogo. Kwa hiyo uvimbe ambao sehemu yake kubwa ni daraja la 2, wenye kisehemu cha sarkomatoidi, ni daraja la 4, na mgonjwa wake anakabiliwa na ugonjwa wa daraja la 4. Kisehemu hicho kisipoingia kwenye kaseti, kile kisanduku kidogo cha plastiki kinachobeba kipande maabarani, hakuna hadubini itakayokiona.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Uvimbe wa duara wenye kipenyo cha sentimita 10 una ujazo wa takriban sentimita za ujazo 520. Uzi wa nyama unaotolewa na sindano ya geji 18, ambao huwa mwembamba chini ya milimita moja na urefu wa kama sentimita mbili, ni sehemu moja tu katika makumi ya maelfu ya uvimbe huo. Mnunuzi wa maharage anayeshushiwa magunia ya Kasulu katika soko la Tabora hachomi bambo mara moja juu ya gunia akalipa fedha. Huchoma ubavuni, akachoma na karibu na kitako, na ikiwa punje zilizotoka hazifanani huchoma tena. Sisi hatuna sababu ya kuwa wepesi wa kuridhika kuliko yeye.

Kabla ya kuchukua sindano

Swali la kwanza ni kama sindano inahitajika. Mgonjwa mwenye nguvu, ambaye kipimo cha CT chenye dawa ya kuangaza mishipa kimeonyesha uvimbe unaokunywa dawa hiyo, na ambaye atafanyiwa upasuaji kwa vyovyote vile, mara nyingi hahitaji kuchomwa, kwa kuwa jibu halitabadili uamuzi. Sindano huhitajika pale ambapo jibu litabadili kitu: ugonjwa umeshasambaa na mgonjwa anatafutiwa dawa badala ya kisu, uvimbe ni mdogo na mgonjwa ni mzee au ana maradhi mengine, hivyo inafikiriwa kumfuatilia tu, au kuna shaka kwamba si saratani ya figo kabisa, bali limfoma, saratani iliyotoka kwingine, jipu, au kifua kikuu cha figo, ambacho katika nchi yetu hakipaswi kusahauliwa. Uvimbe wenye mafuta dhahiri kwenye CT huenda ukawa angiomaiolipoma, uvimbe usio saratani, nao hauhitaji kuchomwa ili utambulike. Mfuko wa maji usio na sehemu ngumu ndani yake usichomwe; huvuja, na mara nyingi hautoi jibu. Uvimbe unaoelekea kutoka kwenye utando wa njia ya mkojo nao uachwe hadi daktari bingwa wa mfumo wa mkojo aushauri, kwa sababu hatari ya kupanda seli za saratani kwenye njia ya sindano ni kubwa kuliko ilivyo kwa aina nyingine.

Pima wingi wa damu, chembe sahani, kuganda kwa damu na shinikizo la damu. Chembe sahani zikiwa chini ya 50,000 au INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ikizidi takriban 1.5, rekebisha kwanza. Uliza kwa jina kuhusu aspirini na dawa za kuyeyusha damu, na uliza pia dawa za mitishamba, maana mgonjwa wa kwetu akiulizwa anatumia dawa gani hutaja zile za hospitali tu.

Mgonjwa naye aelezwe kwa lugha isiyomtisha. Mzee mmoja atauliza swali ambalo wengi huliuliza, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma si utasambaa? Jibu la kweli ni hili: "Mzee wangu, jambo hilo limewahi kutokea, lakini ni nadra sana kwa uvimbe wa namna yako, na tunatumia sindano inayopita ndani ya mrija ili isiguse nyama ya njiani. Uvimbe wako hauko sawa pande zote, kwa hiyo tutachukua vinyama viwili au vitatu. Ngozi itatobolewa mara moja tu." Sentensi ya mwisho ndiyo humtuliza, nayo ni kweli endapo mrija huo upo. Kama haupo, usiiseme.

Kuchoma penye uhai

Soma picha za CT wewe mwenyewe. Usitegemee taarifa iliyoandikwa peke yake. Tafuta mahali panapokunywa dawa ya kuangaza, kwa kuwa pale ndipo penye seli hai. Katikati ya uvimbe mkubwa mara nyingi pana nyama iliyokufa au damu iliyoganda, na sindano iliyolenga katikati, kwa imani kwamba ndiyo shabaha salama, hurudi na uchafu usio na jina. Kwa uvimbe mkubwa lenga pembeni. Miongozo ya Ulaya inataka angalau nyuzi mbili nzuri, na hiyo ni idadi ya chini. Kwa uvimbe unaozidi sentimita nne ningechukua ya tatu kutoka sehemu ambayo kwa altrasaundi haifanani na mbili za kwanza, ikiwa mgonjwa yuko imara na havuji damu. Nyuzi mbili zilizopita kwenye tundu moja, sambamba kabisa, ni karibu sawa na uzi mmoja. Kuinamisha mrija digrii chache kabla ya kufyatua mara ya pili hugharimu sekunde chache.

Mwelekeo wa sindano upite kwenye nyama kidogo ya figo nzima ikiwezekana, ili kusaidia kuziba damu, na usipite karibu na mlango wa figo palipo na mishipa mikubwa. Kufyonza seli kwa sindano nyembamba peke yake hakutoshi. Hutoa seli bila mpangilio wake, na mpatholojia hulazimika kubahatisha aina.

Uzi ukitoka, usiubane kwa koleo wala kuukwangua kwa ncha ya sindano, kwa kuwa seli zilizobanwa huwa michirizi ya buluu isiyosomeka. Ulaze juu ya kipande cha karatasi ya kuchujia, kisha uutumbukize pamoja na karatasi hiyo kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama. Uutazame kabla haujazama: uzi mweupe wa kijivu au wa manjano unaoshikamana una matumaini, uji mwekundu unaosambaratika una damu tu, na huo ndio wakati wa kuchoma tena, mgonjwa akiwa bado kitandani na ganzi bado inafanya kazi. Kila uzi uwekwe kwenye kichupa chake, na kila kichupa kiandikwe mahali palipochomwa, kwa mfano "juu, pembeni" au "chini, karibu na mafuta". Zikichanganywa kwenye kichupa kimoja, taarifa ya mahali hupotea, na fundi wa maabara akikosea kukata moja anaweza kuzimaliza zote.

Baada ya hapo mgonjwa alale chali kwa saa kadhaa, mapigo na shinikizo vikipimwa mara kwa mara, na mkojo wake uangaliwe kwa macho. Mkojo wenye wekundu kidogo si ajabu. Mabonge ya damu, maumivu yanayoongezeka au mapigo yanayokimbia yanahitaji altrasaundi mara moja.

Figo nzima inapowekwa mezani

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo nionavyo mimi tunapoteza zaidi, kwa sababu watu hudhani kwamba figo ikishatolewa hakuna tena kinachoweza kukosewa. Fomalini hupenya nyama takriban milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha kasi hupungua. Figo yenye uvimbe wa sentimita 12 ikitumbukizwa nzima siku ya Ijumaa itafika Mwanza Jumatatu ikiwa ngumu nje na imeoza ndani, na kuoza huko kutafanana na nyama iliyokuwa imekufa kabla ya upasuaji.

Kwa hiyo ipime na kuipasua siku hiyohiyo. Andika uzito, urefu, upana na kina, na upande wa kulia au kushoto. Tafuta kwanza mwisho wa vena ya figo na mrija wa mkojo, ukate pete nyembamba ya kila kimoja na kuiweka kando kwa jina, kwa sababu ni mipaka ya upasuaji na baada ya kupasua ni rahisi kuipoteza. Pakaa wino mweusi wa kuchorea juu ya mafuta pale uvimbe unapoyasukuma, uukaushe kwa shashi, kisha uanze kukata kutoka ukingo wa nje uliobinuka kuelekea mlangoni, kwa kisu kirefu chenye makali na kwa mkato mmoja mrefu, ukiacha nusu mbili zikiwa zimeshikana kwa nyuma. Usimenye mafuta kutoka kwenye figo ili ionekane safi. Mafuta hayo ni ushahidi: saratani ikiyavamia, hatua ya ugonjwa inakuwa ya tatu.

Sasa tazama rangi. Seli angavu za daraja la chini huwa za manjano ya dhahabu kwa sababu ya mafuta yaliyomo ndani yake. Sehemu nyekundu au za kahawia zimevuja damu. Sehemu nyeupe za kijivu, ngumu, zinazokataa kisu, ndizo za kutiliwa shaka kuliko zote, kwa kuwa sarkomatoidi hupenda kuonekana hivyo. Piga picha kwa simu ukiweka rula kando, na mchoro wa penseli kwenye fomu usiudharau, kwani mpatholojia ataufungua kabla ya kufungua ndoo.

Ikiwa figo itapelekwa nzima, weka shashi katikati ya nusu mbili ili fomalini ipite, na kazi yako ya kukata iishie hapo. Ikiwa kituo chako kinakata vipande chenyewe, kanuni inayotumika ni kaseti moja kwa kila sentimita ya kipenyo cha uvimbe, zisipungue tatu. Uvimbe wa sentimita 8 una kaseti nane za mwili wa uvimbe, mbali na zile za mipaka. Kila eneo lenye rangi au ugumu tofauti liwe na mwakilishi wake. Kaseti nane zote za manjano kutoka uvimbe wenye rangi tatu zinatimiza hesabu bila kutimiza kusudi.

Pana njia nyingine ambayo naipendelea kwa uvimbe mkubwa, nayo ilipendekezwa mwaka 2016 na José López na Jesús Cortés wa Bilbao, Hispania. Badala ya kujaza kaseti kwa kipande kimoja kipana, unaijaza kwa vipande vidogo sita hadi nane, kila kimoja cha milimita chache, vilivyotolewa mahali mbalimbali kwa kufuata miraba unayoifikiria juu ya uso wa uvimbe. Kaseti ni zilezile nane, parafini (nta ya kushikilia vipande) ni ileile, slaidi ni zilezile, lakini badala ya mahali panane umegusa mahali 48 hadi 64. Kwa maabara isiyo na fedha za kuongeza kaseti, sijui hoja ya kuikataa. Tahadhari ni moja: njia hii ni ya mwili wa uvimbe tu. Pale uvimbe unapokutana na mafuta ya nje, na figo nzima, na vena, na hasa mafuta ya ndani karibu na mlango, yaani sinasi, chukua vipande vikubwa visivyokatikakatika, kwa sababu swali linaloulizwa pale ni nani amemvuka nani. Sinasi ipewe vipande vitatu hata kama kwa macho inaonekana salama. Uvimbe wa seli angavu unaozidi sentimita 7 mara nyingi sana umeshaingia humo kimyakimya.

Fomalini, ndoo na safari

Fomalini inayofaa ni ya asilimia 10 iliyosawazishwa. Kwa lita moja: mililita 100 za fomaldehaidi ya dukani ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye haidrojeni moja. Ujazo wake uwe mara 10 ya ujazo wa kinyama, au zaidi. Maji ya chumvi, spiriti na friji si mbadala. Friji ya kugandisha hupasua seli zote. Mtayarishaji afanye kazi hiyo penye hewa, akiwa na glavu na miwani.

Chombo kiwe na mdomo mpana. Nyama huingia laini kwenye chupa ya maji ya kunywa, kisha hukakamaa, na mpokeaji hulazimika kuipasua chupa kwa wembe huku mipaka iliyopakwa wino ikikwaruzwa. Ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana inatosha. Jina liandikwe kwenye mwili wa ndoo, si kwenye mfuniko, na karatasi ya pili iliyoandikwa kwa penseli iwekwe ndani, maana wino wa kalamu huyeyuka. Mfuniko uzungushiwe plasta, ndoo iingie kwenye mifuko miwili yenye pamba katikati, na ndugu anayeibeba kwenye basi aambiwe wazi kilichomo, asiiweke pamoja na chakula wala kuifungua ili ahakikishe. Kutoka Kigoma, ambako safari hadi Mwanza ni ndefu kuliko ya Tabora, hesabu muda tangu kinyama kilipoingia kwenye fomalini. Kwa vinyama vya sindano saa 6 hadi 72 ndiyo nafasi nzuri, hasa kama vipimo vya kingamwili juu ya slaidi vitahitajika.

Fomu ibebe umri, jinsia, upande, ukubwa, mahali ndani ya figo, majibu ya CT, dawa alizotumia, kama aliwahi kuchomwa sindano, saa ya kuingia fomalini, na swali lako. "Figo, kupima" si swali. "Uvimbe wa sentimita 9, sehemu ya chini ni ngumu na nyeupe, je, kuna sarkomatoidi?" ni swali, na litajibiwa. Namba ya simu ya daktari iwepo.

Majibu yakirudi

Daraja linaloandikwa kwa kinyama cha sindano lisome kama "si chini ya". Aina ya saratani sindano huipata vizuri sana, lakini daraja mara nyingi huwa chini ya lile litakaloonekana figo ikitolewa. "Nyama iliyokufa tu" au "hakuna uvimbe ulioonekana" haimaanishi kwamba mgonjwa hana saratani. Linganisha na CT. Picha ikiendelea kutia shaka, rudia, safari hii ukilenga kwingine, na kwa kawaida jibu hupatikana. Kromofobu haipewi daraja, kwa hiyo usimpigie mpatholojia simu ukidhani amesahau.

Taarifa ya figo nzima inapokosa idadi ya kaseti, mahali zilipotoka au neno lolote kuhusu sinasi na vena, piga simu mapema, kwa sababu mabaki ya figo hutupwa baada ya muda na yakishatupwa hayakatiki tena. Vitalu vya parafini vyenyewe hutunzwa kwa miaka, navyo vitaombwa pindi mgonjwa atakapofika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au kwingineko akiwa na ugonjwa uliosambaa. Namba yake ya patholojia na jina la maabara viandikwe kwenye kadi ya kuruhusiwa anayokwenda nayo nyumbani.